Jina, Watu na Karne: Uhakiki wa Namna Visu vya Uele Vinavyopewa Umri na Asili

Kila kisu cha Kongo kinachowekwa katika kabati la makumbusho ya Ulaya au Marekani, au kinachotangazwa katika orodha ya mnada, huandamana na kijikaratasi. Maandishi yake ni machache, nayo karibu siku zote hutaja mambo matatu: jina la kisu, jina la watu waliokifua, na karne. "Trumbash, Mangbetu, karne ya 19." Mtazamaji husoma, huamini, hupita. Mnunuzi naye hulipa kwa kadiri ya maneno hayo, kwani umri ni sehemu ya bei.

Jambo hili lingeweza kuachiwa wafanyabiashara kama lisingekuwa na uzito mwingine. Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, na mwezi Julai mwaka huo huo ikapatikana sheria ya kuwezesha kurudishwa kwa vitu vilivyochukuliwa kati ya 1885 na 1960. Anayedai kitu sharti akitaje: ni nini, ni cha nani, kilitoka wapi, kilichukuliwa lini. Kijikaratasi kikiwa kimekosea, dai nalo limekosea tangu mstari wake wa kwanza. Kwa hiyo inafaa kuuliza maneno yale matatu yalitoka wapi, na lipi kati yao lastahili kuaminiwa.

Kisu kinachozungumzwa hapa ni kile kilichopindwa mfano wa mundu, kilichokuwa fahari ya watawala wa bonde la Uele. Ubapa wake huanza ukiwa umenyooka, kisha hujikunja ghafla. Katikati hupita mgongo ulioinuka. Mara nyingi huwa na matundu mawili au zaidi yaliyotobolewa kwa makusudi, na karibu na mpini hutokeza vijipembe. Mpini ni wa mti au wa pembe ya ndovu, na huenda umezungushiwa nyaya za shaba. Hakikuwa kisu cha sokoni cha kununuliwa na yeyote apitaye. Mhunzi alikifua kwa agizo, kwa kipimo cha heshima ya aliyeagiza, na ndiyo sababu vilivyosalia hutofautiana sana hata pale vinapotoka eneo moja. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyefika katika baraza la mfalme Munza mwezi Machi 1870, alimkuta mfalme ameshika silaha ya umbo hilo iliyofuliwa kwa shaba tupu. Shaba haishiki makali kama chuma. Silaha ile ilikuwa ya kuonyesha nani ameketi kitini, na kila aliyekuwa mbele ya kiti kile alilielewa hilo bila kuambiwa.

Sasa neno la kwanza la kijikaratasi: trumbash. Wakusanyaji hulitumia kana kwamba Wamangbetu wenyewe walilitamka. Lakini Schweinfurth, ambaye kwa kalamu yake neno hilo lilienea Ulaya, alieleza waziwazi kwamba ni neno la Sennar, nchi iliyo mashariki mwa Sudani, mwendo wa miezi kutoka Uele. Kwamba huko lilitumika kwa silaha za kurusha za watu weusi kwa jumla. Na kwamba, kwa haki yake, lamhusu ubao bapa wenye ncha kali unaorushwa kwa mkono. Yeye mwenyewe alilihamisha kwa visu vya kurusha vya Azande, ambavyo wenyewe huviita kpinga. Kutoka kwa Azande, waandishi waliomfuata wakalisukuma hatua nyingine, likatua juu ya kisu cha Wamangbetu, ambacho hakirushwi kabisa.

Hivyo ubao wa Sennar umegeuka chuma cha Azande, na chuma cha Azande kimegeuka alama ya ufalme wa Wamangbetu, na katika safari yote hiyo hakuna Mmangbetu aliyeulizwa. Kosa hili si dogo. Mwenye kuamini jina huamini pia kazi ya kitu, na huanza kutafuta asili ya kisu cha baraza katika silaha za vita, kuyaeleza matundu na vijipembe kwa sheria za kurusha, na kuchora michoro ya nasaba ambayo mzizi wake ni kosa la matumizi ya neno.

Vitabu vilivyo makini zaidi huandika emambele, au namambele, kuwa jina la wenyewe. Hapo msomaji anakaribia nyumbani, ingawa bado hajafika. N ya mwanzo yaafikiana na desturi ya Kimangbetu ya kuanza majina ya umoja kwa n-, ambayo huanguka katika wingi. Lakini kiini cha neno, mbele, chamshtua kila mwenye kujua lugha za Kibantu za Kongo: kisu ni mbele katika Kikongo, ni mbeli katika Lingala. (Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na "mbele" yake mwenyewe, ambayo haina undugu na neno hili.) Kimangbetu si lugha ya Kibantu, ni ya kundi la Sudani ya Kati. Ikiwa kufanana huku si sadfa, basi Wamangbetu walilipokea neno kwa wengine, na swali kubwa ni lini. Wamekaa karibu na wasemaji wa Kibantu, Wabudu mathalani, tangu zamani; neno laweza kuwa la kale sana. Lakini pia tangu miaka ya 1890 Bangala, ndugu ya Lingala, ilienea Uele pamoja na askari na vituo vya Dola Huru ya Kongo. Neno laweza kuwa lilikuja na bunduki. Jina la kisu, basi, nalo linahitaji kutafutiwa umri kama kisu chenyewe.

Kuna la kusikitisha hapa. Sarufi ya J. Larochette juu ya lahaja za Kimangbetu na Kimeje, pamoja na orodha yake ya maneno, ilichapishwa Tervuren mwaka 1958. Makumbusho yenye visu ndiyo yenye sarufi. Hata hivyo, katika vitabu vya picha vinavyowaongoza wakusanyaji, kama kile cha Werner Fischer na Manfred Zirngibl cha 1978, silaha hupangwa kwa umbo na kwa jina la kabila, na sarufi hukaa rafuni pake. Wanaotazama chuma na wanaosikiliza maneno wameishi nyumba moja bila kuamkiana.

Neno la pili, Mangbetu, limechunguzwa vizuri zaidi, na sifa ya kazi hiyo ni ya Enid Schildkrout na Curtis Keim katika kitabu chao African Reflections: Art from Northeastern Zaire, kilichotolewa mwaka 1990 pamoja na maonyesho ya makumbusho ya New York. Mwanaanthropolojia na mwanahistoria hawa waliuvua usemi wa "sanaa ya Wamangbetu" nguo zake za sherehe. Mangbetu, kwa asili, lilikuwa jina la ukoo uliotawala, ukoo ulioinuliwa na Nabiembali katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Waliotawaliwa walikuwa watu wa majina na lugha nyingi. Wameje na Wamakere walisema lahaja zilizo jamaa. Wabarambo na Wamayogo husema lugha za kundi la Ubangi. Wabudu ni Wabantu. Azande walikuwa jirani, adui na wakwe kwa zamu. Wahunzi walihama, visu vilitolewa zawadi na mahari, vilitekwa vitani, viliigwa. Wazungu waliotangulia walistaajabia baraza la Munza, wakaandika Mangbetu. Waliofuata wakalikuta neno limekwisha kuwa sifa njema, wakaendelea kuliandika hata juu ya vitu walivyonunua kwa Wabudu au kwa Wabarambo.

Hoja hiyo ina matokeo magumu kwa mwenye kisu mkononi. Umbo halitoshi kumwambia nani alikifua. Linalotosha, au linalokaribia kutosha, ni mahali kilipopatikana na mkono wa nani ulikitoa. Hapo ndipo thamani ya mkusanyo wa Herbert Lang na James Chapin inapoonekana. Watu hao wawili walikaa kaskazini mashariki mwa Kongo kuanzia 1909 hadi 1915 kwa niaba ya makumbusho ya New York. Wanyama ndio waliowapeleka, lakini Lang alirudi pia na maelfu ya vitu vya watu, maandishi ya safari, na picha zinazokaribia 10,000. Kisu kilichonunuliwa na Lang huweza kuunganishwa na kijiji, na pengine na picha ya mtu aliyekishika. Kisu kilichotoka mfukoni mwa ofisa asiyeandika kitu huwa yatima, hata kikiwa kizuri mara mbili zaidi.

Neno la tatu ndilo lenye ugomvi: karne. Schildkrout na Keim wanasema, kwa ufupi, kwamba vitu vyenye sura ya binadamu, ile sura ya kichwa kilichorefushwa ambayo dunia nzima huiita Mangbetu, vilikuwako kabla ya ukoloni lakini vilikuwa vichache. Kwamba viliongezeka sana wageni walipofika na kuonyesha kwamba ndivyo wavipendavyo. Na kwamba wenye vyeo waliviagiza kwa wahunzi na wachongaji ili kuwapa wageni hao. Kisu chenye mpini wa pembe uliochongwa kichwa, kwa kipimo hicho, kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha mwanzo wa karne ya 20 kuliko cha zama za Munza. Mkusanyaji aliyelipia karne ya 19 hawezi kulifurahia neno hilo.

Hoja ni nzuri, lakini imekaa juu ya mguu mmoja usio imara sana: ukimya. Inasema wasafiri wa kwanza hawakuleta vitu vya sura, kwa hiyo vilikuwa haba. Ni kweli kwamba walioleta walileta vichache. Lakini mwezi Desemba 1870, Schweinfurth akiwa amekwisha kurudi kutoka kwa Munza, moto uliteketeza kambi ya wafanyabiashara alimokuwa akikaa, na sehemu kubwa ya mali na mikusanyo yake ikaungua. Vilivyofika Berlin ni vile vilivyonusurika. Kitabu chake cha picha, Artes Africanae, kilichotoka 1875, ndicho dirisha kubwa la msomaji wa leo kuitazama miaka ile, na dirisha hilo lina masizi. Kujenga juu ya kile kisichoonekana ndani yake kwahitaji uangalifu zaidi kuliko kitabu cha 1990 kinavyoonyesha katika hitimisho zake zilizo shujaa. Tena msafiri hununua kile anachoonyeshwa, na mfalme haonyeshi kila kitu kwa mgeni aliyekuja na kundi la wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Watu wa namna hiyo hiyo, miaka michache tu baadaye, walimwua Munza.

Hata hivyo ukimya wa Schweinfurth hauko peke yake. Wilhelm Junker alizunguka Uele katika miaka ya 1880, naye hakuishi katika kambi iliyoungua. Vitu vyake vimo Berlin na St Petersburg. Kisha upande wa pili wa mizani kuna wingi, ambao si ukimya: wingi wa vichwa vilivyochongwa katika mkusanyo wa Lang, na wingi zaidi baadaye. Msafara wa magari ya Citroën wa 1924 hadi 1925 ulipita huko. Picha ya Nobosodru, mke wa chifu Ekibondo, akitazamwa kwa upande na nywele zake zikipaa nyuma kama taji, ikazunguka dunia. Tangu hapo mgeni alikuja akiwa amekwisha kujua anachotaka kununua. Mchongaji hakuwa mjinga. Kwa jumla basi hukumu ya Schildkrout na Keim yapaswa kukubaliwa kama makadirio yenye nguvu juu ya visu vingi. Isigeuzwe kuwa kipimo cha kukatia kisu kimoja.

Kisu kimoja hupimwa kwa mwili wake. Hapo wakusanyaji wana ujuzi ambao wasomi wa vyuo huudharau bure. Chuma kilichoyeyushwa kwa makaa katika tanuri la udongo hubaki na chembe za mavi ya chuma ndani yake, na umbile lake si la namna moja. Chuma cha kiwanda cha Ulaya ni sawasawa kutoka ncha hadi msuka. Waya wa shaba uliovutwa kwa mashine una unene usiobadilika; uliofuliwa kwa nyundo hauna. Alumini ikionekana popote katika mpini, swali la karne ya 19 limekufa karibu kabisa, kwa kuwa njia ya kuipata madini hiyo kwa wingi iligunduliwa mwaka 1886 tu, na safari kutoka kiwandani hadi kwa mhunzi wa Uele ilihitaji miaka yake.

Lakini hata mwili husema nusu. Chuma cha kiwanda chaonyesha kwamba kisu hakitangulii biashara ile. Chuma cha tanuri hakithibitishi kwamba kinaitangulia, maana jembe kuukuu la chuma cha nyumbani liliweza kupashwa moto tena na kuwa kisu miaka mingi baada ya tanuri kuzimwa. Mpini nao hubadilishwa. Ubapa wa babu na mpini wa mjukuu hukaa pamoja bila ugomvi, na anayeutazama mpini peke yake atasema kisu ni kipya, anayeutazama ubapa atasema ni cha kale, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kuhusu kipimo cha kaboni, ambacho wenye fedha hukitaja kama ushahidi wa mwisho: chuma cha makaa kina kaboni na kwa hiyo chaweza kupimwa, lakini sharti kikatwe kipande, na kwa karne tatu zilizotangulia 1950 mstari wa kaboni angani ulipanda na kushuka kiasi kwamba jibu moja laweza kuangukia miaka ya 1680 au ya 1900 kwa haki ile ile. Kipimo hicho chatenganisha vizuri pembe ya ndovu aliyekuwa hai baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 na ile ya kabla yake. Chafaa kumkamata mdanganyifu, ila si kumtambua Munza.

Umri ulio imara kuliko wote, kwa hiyo, ni siku kisu kilipobadilisha mikono na mtu akaiandika. Chafuliwa kabla ya siku hiyo. Ni hayo tu. Tarehe hiyo haina fahari ya karne, ila ina faida moja ambayo karne haina: inamtaja mchukuzi. Ofisa aliyepita Niangara mwaka fulani, kwa cheo fulani, alipata kisu kwa kununua, kwa zawadi au kwa kutwaa. Kijikaratasi kinachosema "karne ya 19" humficha mtu huyo nyuma ya umri wa heshima. Si kwa makusudi kila mara. Lakini kwa sheria ya 2022 mtu huyo ndiye anayetafutwa.

Linabaki suala la Kiswahili, kwa maana orodha zikifika Kinshasa, Kisangani au Lubumbashi zitafasiriwa, na wafasiri watahitaji neno. Kamusi zinatoa mundu, ambao ni wa kukatia majani na mavuno; linakamata umbo na kupoteza heshima. Kotama ya mgema imepinda vizuri, lakini yanukia tembo. Jambia lina fahari ya kutosha, ila lavuta mawazo hadi Oman na pwani, kwenye kiuno cha mtu mwingine kabisa. Upanga wa umbo la mundu ni maelezo, na maelezo si jina; hata hivyo ni afadhali kuliko yote yaliyotangulia, na ni afadhali mara kumi kuliko trumbash. Mfasiri mwaminifu ataandika upanga wa umbo la mundu, ataongeza emambele katika herufi za mlazo, kisha ataacha nafasi wazi.

Nafasi hiyo yaweza kujazwa kwa gharama ndogo. Mwanafunzi anayekwenda Isiro au Niangara kwa kazi ya mwisho wa masomo aweza kuchukua picha kumi za visu kutoka mikusanyo yenye tarehe, akawaonyesha wazee wa nyumba za wahunzi, Wamangbetu kwa Wabudu kwa Wabarambo kwa Azande, akaandika kila mmoja amekiitaje kila kisu, kwa umoja na kwa wingi, kwa toni zake. Mzee akijibu kwa neno la Bangala, liandikwe pia. Akisema hajapata kukiona kisu cha namna ile ila katika mikono ya wageni, hilo nalo liandikwe, pamoja na jina la kijiji na tarehe ya siku.